Hofu ya Kuandikwa Kitabuni

Mwezi uliopita jirani yangu alileta fundi wa kupaka chokaa ukuta wa uani kwake. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, ukuta ulikuwa bado umelowa, na ile harufu baridi ya chokaa mbichi ikaingia jikoni nilipokuwa nachambua mchele. Niliweka ungo chini. Nikafunga dirisha kwa haraka, nami ni mwanamke mwenye wajukuu, na hapakuwa na kitu cha kuniogopesha zaidi ya fundi yule aliyekuwa akipiga mluzi juu ya ngazi.

Sisi tuliokulia upande wa Bukombe miaka ile watu walipokuwa wanahamishiwa vijijini, harufu ya chokaa kwetu ilikuwa harufu ya misheni. Nyumba zetu zilikuwa za udongo na nyasi. Kitu cheupe kilichosimama wima kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na kengele juu yake. Kutoka nyumbani hadi pale ulikuwa mwendo wa nusu siku kwa mtu mzima, na mtoto alikwenda huko mara moja kubwa: alipopelekwa kukaa majuma kadhaa akijifunza dini kabla ya kubatizwa. Mama alikuwa amebatizwa tangu usichana wake. Baba alikuwa bado, lakini hakukataa. Alisema tu, "Wapeleke, wajue kusoma."

Tulikwenda wawili, mimi na Minza. Minza alikuwa mtoto wa mama mdogo, aliyefariki kule Songwa, na mama alimchukua akiwa bado anatambaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, yeye minane. Mama alitufungia michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye kitambaa, akatusindikiza mpaka kwenye ua wa misheni, na kabla ya kugeuka akanishika bega.

"Kabula, mwenzako hana mama mwingine zaidi yangu, na huku mimi sipo. Basi huku mama ni wewe."

Maneno hayo niliyachukua yalivyo. Usiku nilimfunika Minza, mchana nilimgawia mboga yangu. Tulipokwenda kisimani nilishika ndoo upande wenye uzito.

Aliyetufundisha ni katekista, Mwalimu Andrea, mtu mrefu, mkavu, shati lake limefungwa vifungo mpaka shingoni hata wakati wa jua kali. Hakuwa mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa watoto wasije wakamwaibisha mbele ya padre. Padre mwenyewe alikuwa Mhispania, mzee, mgeni katika nchi yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo mambo marefu aliyasema kwa Kiingereza, na Mwalimu Andrea akatugeuzia. Sisi watoto tulimwona padre kwa mbali tu, kanzu nyeupe ikipita kati ya kanisa na nyumba yake, ndevu nazo nyeupe, hata nikadhani wazungu wa misheni hupakwa chokaa pamoja na kuta.

Siku ya kwanza kabisa Mwalimu Andrea alituambia habari ya kitabu. "Siku ya ubatizo kila mmoja atapewa jina jipya. Wewe Kabula, labda utaitwa Agnesi. Kisha Padre ataliandika kwenye kitabu kikubwa, na likishaandikwa halifutiki milele."

Nilimwuliza, "Na Kabula ataenda wapi?"

Wenzangu walicheka. Mwalimu alisema Kabula ni jina la nyumbani, la mvua na mashamba, Mungu ana majina yake. Sikucheka. Nilizaliwa siku ya mvua kubwa, bibi akanipa jina hilo kwa kinywa chake. Nikawaza, bibi akija kuniita Kabula kwenye ua huu, nani ataitika?

Katika juma la pili wavulana wawili walitoroka kurudi kwao. Siku mbili baadaye tulikusanywa kwenye darasa kubwa mchana. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mablanketi, jenereta inanguruma nje, na ukutani pametundikwa shuka. Tulinong'ona kuwa ni sinema. Lakini picha zilipotokea hazikutembea. Zilisimama tu, moja baada ya nyingine, kubwa kuliko mtu, na padre akawa anazieleza kwa sauti ya chini katika giza lile la saa nane.

Picha ya kwanza ilikuwa ya nchi kavu, mchanga na mawe, na mimea mirefu isiyo na majani, iliyonyanyua mikono kama watu waliokamatwa. Niliiona ni Shinyanga yetu wakati wa kiangazi kikali, ila bila ng'ombe. Picha ya pili ilikuwa kanisa la udongo, jeupe, na kengele juu yake. Watoto wote walivuta pumzi. Lilifanana na letu.

Mwalimu Andrea alitafsiri. Alisema nchi ile ni jangwa, iko ng'ambo ya bahari, na zamani sana wafalme wa Uhispania waliitawala. Mapadre wa Kihispania walifika huko, wakajenga misheni nyingi, moja mwendo wa siku chache kutoka nyingine. Wenyeji wa jangwa waliokuwa wakihama na kuwinda wakakusanywa mahali pamoja. Wakapewa majina mapya. Kengele iliwaamsha, kengele iliwapeleka shambani, kengele iliwalaza.

"Waliotoroka," alisema, akatutazama safu kwa safu, "askari waliwafuata mpaka porini, wakarudishwa. Halafu ukaja ugonjwa wa surua. Wakafa wengi sana, watoto kwa wakubwa, wakazikwa kandokando ya ukuta wa kanisa. Majina yao mpaka leo yamo kitabuni. Wenyewe hawapo."

Padre aliendelea kusema. Nakumbuka sauti yake ilikatika katikati, akavua miwani, akaifuta kwa kanzu, akasema tena maneno yaleyale mara mbili, polepole, akimtazama Mwalimu. Mwalimu Andrea alikohoa. "Padre anasema tuwe watiifu," alisema. Picha ya mwisho ikaonyesha kanisa lile limebomoka, halina paa, na jangwa limeingia mpaka altareni.

Mtu mzima angeisikia habari ile kuwa ya kale na ya mbali. Mimi sikuisikia hivyo. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mgambo wakiezua nyumba ya jirani yetu ili ahamie kijijini, na lori likiwabeba watu na kuku na mitungi yao kwenda mahali pamoja. Kukusanywa nilikujua. Askari niliwajua. Ukuta mweupe ulikuwa hapo nje, na kando yake, juma lileile, vibarua walikuwa wamechimba mtaro mrefu, wenye kina cha kiuno. Nilitoka darasani, jua likanipiga usoni, nikasimama kando ya mtaro ule nikaupima kwa macho. Ulitosha watoto wengi.

Sikumwambia mtu isipokuwa Minza, nikamnong'oneza tukiosha sahani. "Tukiandikwa, tunakufa."

"Nani kasema?"

"Padre mwenyewe. Hukumsikia?"

Alisugua sahani ileile mpaka nikamnyang'anya.

Kisha surua ikaja kweli. Ilianza kwa mvulana mmoja aliyeitwa Shija, macho mekundu kama pilipili, kikohozi, halafu vipele. Kesho yake wakawa watatu. Waliwekwa katika chumba cha mwisho cha bweni, dirisha limezibwa kwa blanketi. Sikujua kwamba mwanga huumiza macho ya mgonjwa wa surua. Nilijua tu kwamba mablanketi yaleyale yaliyoziba madirisha ya darasa sasa yamehamia kwa wagonjwa. Siku ya tatu Landrova ya padre iliondoka na watoto wale watatu nyuma, wamefunikwa. Jioni ilirudi tupu. Na mchana ule, wakati gari halipo, vibarua walikuwa wamefukia kipande cha mtaro upande wa mwisho, wakashindilia mawe juu yake kwa miguu na nyundo.

Nililala nimemkumbatia Minza, nikahesabu kila alipovuta pumzi. Mwili wake ulikuwa wa moto.

Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba. Alikohoa kwenye kanga yangu ili asisikike, kwa sababu nilimwambia asisikike. Lakini Mwalimu Andrea alikuwa na macho makali. Alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, Minza akalia.

"Huyu naye. Kesho asubuhi atakwenda."

"Atakwenda wapi, Mwalimu?" niliuliza.

"Walikokwenda wenzake," alijibu, akaondoka kwa haraka kwenda kumwarifu padre. Naamini alikuwa na wasiwasi mwenyewe. Alikuwa na bweni zima la watoto wa watu mikononi mwake. Sentensi moja zaidi ingetosha, ya kusema hospitali. Hakuisema.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana, wakati wa mapumziko, vibarua wamelala kivulini na ua mzima kimya. Minza alitembea mpaka nyuma ya shamba la mihogo la misheni, miguu ikamlegea. Nikambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, ingawa alinipungukia kidogo tu kwa kimo. Jua la saa saba lilikuwa limesimama kichwani. Mpaka leo nikifumba macho nauona mchanga wa njia ile, mweupe, unaorudisha mwanga usoni. Minza alikuwa akilalamika, "Kabula, macho. Macho yananiuma." Nikamfunika kichwa kwa ncha ya kanga. Alisema anasikia joto, anakosa pumzi, akaifunua. Nikamfunika tena. Sikusimama. Kila mti ulikuwa askari, kila kichuguu mtu aliyechutama.

Nilijiwekea alama: mpaka kwenye mgunga ule. Mpaka kwenye mawe yale. Michembe tuliyobaki nayo niliitafuna nikampa kinywani, akaitema. Maji tuliyokuwa nayo kwenye kibuyu yaliisha kabla ya nusu ya njia.

Nikasikia gari.

Niliijua sauti yake, ile Landrova iliyokohoa kila ilipopanda. Niliacha njia, nikajitupa kwenye kichaka, miiba ikanichana, nikamlaza Minza kifudifudi kando yangu. Gari lilikuja polepole. Lilisimama, likaenda, likasimama. Nikasikia sauti ya padre ikiita kwa lafudhi yake ile mbovu, "Kabula. Minza. Njoo, watoto." Hakuwa anafoka. Alikuwa anaita kama mtu anayetafuta ndama aliyepotea, na upole ule ndio ulionitisha zaidi, maana niliona ni mtego. Mwalimu Andrea naye aliita, "Minza, mwanangu, tunakupeleka kwa daktari." Nikasema moyoni, waongo.

Minza alinyanyua kichwa. Nikaona mdomo wake unafunguka. Nikamziba kwa kiganja, nikamkandamiza. Alikuwa wa moto kama chungu. Padre alikuwa karibu kiasi kwamba niliona viatu vyake vya ngozi na vumbi juu yake. Alisimama akageuka huku na huku. Kisha viatu vikaondoka, mlango ukafungwa, na sauti ya gari ikaanza kwenda mbali.

Jinsi nilivyofika nyumbani sikumbuki vizuri. Nakumbuka jua limeshaingia mitini, mbwa wetu akibweka, na mama akija mbio huku kitenge kinamdondoka. Alimpokea Minza, akamtazama usoni, akapiga yowe la chini ambalo sikulisikia tena mpaka siku aliyokufa baba. "Ng'wanawane," alisema, "mwanangu, umemtembeza na jua hili?" Ndani ya nyumba alikuwa amekaa baba, na kando ya baba padre na Mwalimu Andrea. Walikuwa wametutangulia kwa njia kubwa, wakawa wanatusubiri.

Minza hakukaa hata dakika. Walimlaza garini kichwa chake kwenye paja la mama, wakaondoka muda huohuo kwenda hospitali. Nilibaki na baba uani. Hakunipiga. Ningependa angenipiga.

Siku kama kumi baadaye padre alirudi na Mwalimu Andrea kuleta habari. Minza alikuwa hai. Jicho la kushoto lilikuwa limeharibika, limefanya ukungu mweupe, na la kulia lilikuwa dhaifu. Wale watatu waliomtangulia, wawili walipona na kurejea. Shija alifariki, akazikwa kwao. Baba aliwakaribisha viti, lakini padre alikaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akaniita nikae mbele yake.

"Kabula. Kwa nini kimbia?"

Nilitazama chini. Baba akasema, "Mjibu mzee."

"Sikutaka kuandikwa," nikasema. "Wale wa jangwani waliandikwa wakafa. Na kwenye mtaro mlimfukia Shija."

Padre hakuelewa, Mwalimu Andrea akamgeuzia kwa Kiingereza. Nilimwona mzee yule anabadilika rangi. Akamwuliza Mwalimu kwa Kiswahili, nadhani ili na sisi tusikie. "Siku ile ya picha. Mimi sema: mababu yetu wakosa. Wakosa sana. Mimi sema mara mbili. Wewe ambia watoto?"

Mwalimu Andrea alikuwa amefunga vifungo mpaka shingoni kama kawaida. Alivigusa. "Hapana, Padre."

"Kwa nini?"

"Wavulana wawili walikuwa wametoroka. Nilifikiri watoto wakisikia kwamba mapadre walikosea, hawatatutii tena."

Jogoo alipita katikati yetu, baba akamfukuza kwa mkono. Padre akanigeukia na kunieleza kwa maneno yake ya kuokoteza, akirudia pale aliposhindwa. Alisema mtaro ule ulikuwa msingi wa bweni jipya. Alisema kabla ya kuja kwetu aliishi miaka mingi katika jangwa lile, aliokota mifupa kando ya kuta zile baada ya mvua, akaizika upya, na tangu hapo hawezi kuona misheni bila kuuliza waliojengewa walitaka nini. Alituonyesha picha kwa sababu alifikiri watoto wa hapa wana haki ya kujua. "Lakini mimi onyesha, halafu mimi enda kulala," alisema. "Mimi hapana uliza: watoto, mmesikia nini? Hii kosa yangu." Kisha akamwambia baba, kwa Kisukuma cha maneno mawili matatu alichojifunza njiani, kwamba anaomba radhi. Baba alimtazama kwa muda mrefu. Akamwambia Mwalimu Andrea, "Mwambie nimesikia."

Padre alisimama kwa shida, akaniambia kwamba sitaandikwa mpaka nitakapotaka mwenyewe. Nilitaka nikiwa na miaka kumi na minane, naye alikuwa ameshaondoka nchini. Aliyeniandika ni padre mwingine, mtu wa kwetu, na nilimwomba aandike Agnesi Kabula, majina yote mawili. Aliandika bila kuuliza.

Hofu ile haikuisha siku ile uani. Kwa miaka, kila nilipopewa fomu niliomba mtu mwingine anijazie. Lakini iliyokuwa nzito kuliko zote ni nyingine. Mama aliporudi kutoka hospitali nilimsikia akimnong'oneza baba kwamba daktari ameuliza mtoto alikaa juani kwa saa ngapi. Hawakuniambia kamwe. Na mimi sikumwambia mtu habari ya kichakani. Watu wote walijua nilimtorosha Minza. Hakuna aliyejua kwamba gari la kumpeleka kwa daktari lilisimama hatua chache kutoka tulipokuwa, naye akataka kuita, nami nikamziba.

Minza anaishi Katoro siku hizi. Ana duka la mchele, ana watoto watano, na wateja humpenda kwa sababu hupima kwa mkono na hakosei. Mama alipofariki tulikaa pamoja matanga, na siku watu walipoanza kutawanyika nilimfuata nyuma ya nyumba alikokuwa ameketi peke yake kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilikuwa nimebeba neno lile kwa miaka zaidi ya arobaini. Nikamwambia.

"Siku ile padre alipokuwa anatuita, nilikuziba mdomo."

Alinigeuzia upande wa jicho linaloona. "Nakumbuka. Mkono wako ulikuwa unanuka michembe."

Nilianza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Lakini uliuondoa, Kabula. Uliuondoa mapema. Gari lilikuwa bado liko pale, mlango haujafungwa. Ningeweza kuita."

"Mbona hukuita?"

"Ulikuwa umenibeba wewe," alisema. "Sasa ningemwita nani?"

Akanyanyuka, akakung'uta kanga, akaingia ndani kuwaaga wageni. Mimi sikumbuki kuondoa mkono wangu mapema. Nimejaribu sana kukumbuka. Huenda ndivyo ilivyokuwa, na huenda alinihurumia tu. Sijamwuliza tena, na tunaonana kila mwezi.